Mafuta ya Cherehani

Kompyuta ilihesabu kumbukumbu yake, ikatoa mlio mmoja mfupi, kisha ikaandika kwa herufi nyeupe kwamba haijaona diski. Nilibonyeza kitufe ikarudia maneno yaleyale. Nikaizima, nikasubiri feni isimame kabisa, nikaiwasha tena. Fundi cherehani alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono mgongoni. Akaniuliza imesema nini. Nikamjibu kuwa imesema haioni.

"Kama mimi basi," akasema.

Alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa bado anatunga uzi kwenye sindano kwa kuielekeza dirishani. Siku hiyo alinitambua kwa sauti na kwa viatu. Ilikuwa Jumanne asubuhi, kwenye chumba chake cha kazi pale Nangurukuru, karibu na njia panda. Jumamosi watu wa barabara walikuwa waje na rangi na kitabu chao.

Inanipasa nieleze mapema kilichokuwa ndani ya diski ile, maana bila hicho habari yote hii ni ya bisibisi na nyaya.

Makaburi ya zamani ya kijiji yalikuwa kando ya barabara kuu, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka njia panda. Hayakuwa na maandishi. Kichwani mwa maiti huwekwa jiwe au hupandwa kijiti cha mti, na baada ya masika machache jiwe limezama na kijiti kimeliwa na mchwa. Aliyefahamu nani amelala wapi ni yule aliyekuwepo siku ya maziko, naye akifa huondoka na habari hiyo. Fundi ndiye aliyekuwa akikata sanda za kijiji kile. Mtu akifa, anayeitwa kwanza ni yeye, kabla hata ya wachimba kaburi. Kwa miaka karibu arobaini alipima kila maiti wa kiume kwa mkono wake, na wa kike kwa vipimo alivyoletewa na waoshaji, kisha akafuata jeneza hadi makaburini. Na kila jioni ya maziko aliandika kwenye daftari: jina la maiti na la baba yake, urefu, mwaka, safu, na kaburi la ngapi kuhesabu kutoka mkorosho wa mpakani. Hakuna aliyemtuma. Nilipomuuliza sababu alisema mtu anayepima huandika kipimo, la sivyo hajapima.

Sasa barabara ilikuwa inapanuliwa iwekwe lami, na makaburi yote yalikuwa ndani ya alama. Wazee walikutana na karani wa barabara na shehe, wakakubaliana yahamishwe. Kila kaburi litakalotambuliwa litapewa namba, na aliyemo atazikwa upya peke yake, kwa jina lake. Yasiyotambuliwa yatakusanywa kwenye kaburi moja. Mkutanoni watu walinung'unika, kila mmoja akimwazia mama yake au babu yake kwenye shimo la pamoja na watu asiowajua. Fundi alisimama akasema maneno manne ambayo kila aliyekuwepo aliyakumbuka: "Wote wana majina. Ninayo."

Alikuwa nayo kwenye kompyuta.

Kompyuta hiyo aliletewa na mkwe wake wa Dar es Salaam, katika miaka ile ambapo mambo yalikuwa yamefunguliwa na kila aliyeweza kuagiza kitu aliagiza. Makontena ya kompyuta za mtumba yalifika bandarini, na zilizochoka zaidi zikateremka kusini. Mimi nilikuwa nimefanya kazi ya umeme kwenye kiwanda cha korosho mpaka kilipofungwa. Baadaye nikaishi kwa kutengeneza redio Kilwa Masoko, na kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu kimoja cha Kiingereza kisicho na jalada na kamusi niliyoiweka pembeni yake. Nilikisoma kitabu hicho mara tatu tangu mwanzo hadi mwisho kabla ya kugusa mashine yoyote. Kwa hiyo mkwe alipomletea kompyuta ile, mimi ndiye niliyeitwa kuifunga na kumfundisha.

Alijifunza kuliko nilivyotarajia. Mtu aliyezoea kanyagio na gurudumu haogopi mashine. Aliandika kwa vidole viwili, saa chache kila siku, kwa umeme wa jenereta la jirani yake mwenye nyumba ya wageni. Miaka miwili ikaisha orodha yote ikiwa imehama kutoka madaftarini. Nilimfundisha kuweka nakala kwenye diski laini, naye akaziweka kwenye bati la biskuti. Printa ya karibu ilikuwa kwenye ofisi moja Masoko. Tulichapisha kurasa mbili za mwanzo wino ukaisha, tukaambiwa turudi wino ukija. Haukuja.

Basi Jumanne ile nilianza kama kitabu kinavyoagiza, na kile kilicho rahisi. Nilitazama waya wa umeme nyuma ya boksi. Nikaingia kwenye ule ukurasa wa bluu wa mipangilio, nikaiamuru mashine itafute diski. Ikatafuta muda mrefu kuliko kawaida, kisha ikaandika hakuna. Nikatoa betri ndogo ya saa, nikapima: ilikuwa nzima. Nikamwambia fundi nitafungua boksi.

"Nyie Wamwera," akasema, "mkipewa kitu kizima mnakifungua mjue kwa nini ni kizima."

"Na nyie Wamatumbi mnangoja kife, ndipo mkumbuke mna mtani."

"Mtani anaitwa mazikoni. Hujaitwa mazikoni bado."

Mke wake, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, alicheka akatuambia tuache, siku ile si ya utani. Nikaona mkono wa fundi umeshika ukingo wa meza.

Kifuniko kilikuwa na skrubu moja tu, imekazwa kwa vidole. Ndani nilikuta jambo ambalo sikuwahi kulikuta katika kompyuta yoyote ya ukanda wetu. Hakukuwa na vumbi. Hakukuwa na ile kutu ya rangi ya majani mabichi inayoota kwenye pini za shaba. Kila chuma kiling'aa. Nilimsifu kwa sauti, na mke wake asikie. Nilisema laiti watu wote wa pwani wangetunza mashine namna hii, mimi ningekosa kazi. Akatabasamu akasema, "Si ulinifundisha mwenyewe."

Sikuuliza nilimfundisha nini. Niliendelea na kazi.

Nilichomoa ule mkanda wa nyaya unaotoka kwenye diski kwenda kwenye ubao mkuu, nikauchomeka tena. Hapana. Nikageuza ncha zake. Hapana. Nikabadilisha waya wa umeme wa diski, nikatumia ule wa kifaa cha kusomea CD. Hapana. Nikahamisha kile kipande kidogo cha plastiki kinachoziunganisha pini mbili za nyuma, kinachoiambia diski kama ni ya kwanza au ya pili. Kila badiliko nililiandika kwenye karatasi na matokeo yake mbele, maana mtu akibadilisha vitu viwili kwa pamoja hajui ni kipi kimejibu. Kufikia adhuhuri karatasi ilikuwa na mistari kumi na mmoja, na mbele ya kila mmoja neno lilelile.

Nikaomba bati la biskuti. Diski laini zilikuwa sita, na niliponyanyua kile kibati kinachofunika utepe wa ya kwanza niliona ukungu wa kijivu, kama ule wa mkate. Zote sita. Masika yaliyopita yalikuwa marefu. Nilijaribu moja, ikakwaruza kama msumeno, nikaitoa.

"Na madaftari?" nikauliza.

Mke wake ndiye aliyejibu, bila kunitazama, kwamba mchwa waliyaingia, na yaliyosalia mzee aliyakata. Nilidhani amesema aliyachoma. Aliyakata, akarudia. Karatasi nzuri ya kupimia kola ilikuwa imeadimika.

Jioni hiyo niliibeba kompyuta nikaenda nayo Masoko kwenye meza yangu. Fundi alinisindikiza hadi kwenye gari, mkono wake juu ya boksi.

"Fundi," akaniambia. Sisi tuliitana hivyo, yeye kwangu na mimi kwake. "Jumamosi ni saa mbili asubuhi."

"Najua, fundi."

"Nimewaambia watu ninayo."

Jumatano nilifanya yale ambayo yalihitaji meza. Nilifunga diski yake kwenye kompyuta yangu, haikuonekana. Nilifunga diski yangu kwenye kompyuta yake, ikaonekana mara moja, kwa jina lake na ukubwa wake. Sasa nilifahamu kwa hakika. Boksi lilikuwa zima, nyaya zilikuwa nzima, jenereta la jirani halikuwa na hatia, na ubovu ulikuwa ndani ya diski yenyewe. Nilihisi ile furaha ndogo ya mtu aliyepata jibu, kisha nikaona kwamba jibu lenyewe ndilo baya kuliko yote yaliyowezekana. Waya ningeutafuta Lindi. Diski haina spea ya kilichoandikwa ndani yake.

Niliishika mkononi nikaiwasha ikiwa kiganjani, nisikilize. Ilizunguka. Kisha ikagonga ndani, mlio mdogo wa chuma: tik, tik, tik. Ikapumzika, ikagonga tena mara tatu, ikajizima. Kitabu changu kilikuwa na mstari mmoja tu kuhusu sauti ile, nao ulisema mtumiaji ategemee nakala alizoweka.

Nilikwenda kupiga simu kwa mtu niliyemfahamu Dar es Salaam aliyeuza kompyuta. Alisema zipo nchi ambako diski hufunguliwa kwenye vyumba visivyo na chembe ya vumbi, na kwamba hapa kwetu hakuna. Akaniuliza kuna nini ndani. Nikasema majina ya wafu. Alidhani natania, na kwa kuwa simu ilikuwa inakata salio sikumweleza.

Alhamisi asubuhi niliigeuza diski juu chini ili nisome maandishi ya karatasi yake, nihakikishe mpangilio wa pini. Vidole vyangu viliteleza. Nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga.

Diski kuu ina tundu dogo kwenye kifuniko chake, kubwa kidogo kuliko ncha ya sindano. Kazi yake ni kuiacha hewa ipite ndani na nje, diski inapopata joto na kupoa. Kandokando ya tundu lile kulikuwa na duara la mafuta, lenye pete ndani ya pete, kama alama za maji kwenye ukuta. Mtu hapati pete namna ile kwa tone moja. Ni matone mengi, kila moja likikauka kidogo kabla ya lingine. Nikainusa. Nilijua ni mafuta gani kabla sijaisogeza puani.

Nikakaa chini.

Ilikuwa hivi. Miezi michache baada ya kuifunga kompyuta ile, fundi aliniita akasema feni yake inalia. Nilikwenda, nikaifungua mbele yake. Feni ilikuwa imekauka. Sikuwa nimebeba mafuta, nikachukua kopo lake la mafuta ya cherehani, lenye mdomo mrefu mwembamba, nikatia tone moja kwenye mhimili wa feni. Kelele ikaisha. Alifurahi sana, maana alikuta kitu anachokijua ndani ya kitu asichokijua. Na mimi, katika kumfurahisha, nilimwambia maneno haya, ninayakumbuka yote: "Fundi, mashine ni mashine. Hewa yetu ina chumvi, inakula chuma. Itunze hii kama unavyotunza cherehani yako."

Cherehani hutunzwaje? Kila Ijumaa, kabla ya kwenda kuoga kwa ajili ya sala, fundi wa pwani huifuta mashine yake kwa kitambaa na kutia mafuta kwenye kila tundu. Kwenye cherehani kila tundu dogo juu ya chuma ni tundu la mafuta. Mtengenezaji hakuliweka kwa kazi nyingine. Anayeruka tundu moja ni fundi mvivu, na mashine yake italia. Mwanafunzi hupigwa kofi kwa tundu moja lililosahauliwa. Naye fundi wangu, macho yakiwa yameshafifia, aliyatafuta matundu kwa ncha ya kidole, kama alivyoyatafuta ya cherehani kwa miaka arobaini. Aliutia mafuta mhimili wa feni, akazipaka pini zote, akapapasa kile kisanduku cha chuma kizito ndani ya boksi, akakuta tundu moja. Akalitia tone. Ijumaa iliyofuata akalitia tone jingine. Mwaka ule mimi nilikuwa Lindi kwa kazi ya umeme wa jengo moja, sikupita kwake.

Ndani ya diski kuna sahani zinazozunguka na mkono unaoelea juu yake kwa nafasi isiyoonekana kwa jicho. Chembe moja ya moshi ni mlima kwake. Nilijaribu kukadiria ni Ijumaa ngapi, nikaacha.

Kulikuwa na jambo moja nililowahi kusimuliwa na fundi mmoja wa Lindi, kwamba diski inayogonga ikigandishwa kwa baridi huweza kusoma kwa dakika chache kabla haijapata moto. Sikuliamini na kitabu hakikulisema. Lakini ilikuwa Alhamisi. Niliifunga diski kwenye mifuko mitatu ya nailoni, nikaenda kwa mnunuzi wa samaki, nikamwomba nafasi kwenye kasha lake la barafu. Aliniuliza ni samaki gani huyo wa mraba. Nikaiweka kati ya changu na kolekole, nikakaa juu ya ndoo nje ya banda lake hadi alasiri.

Nilikimbia nayo. Nikaifuta, nikaichomeka, nikawasha. Kwenye ukurasa wa bluu, mahali palipokuwa pakisema hakuna, lilitokea jina la diski, herufi na tarakimu zote, na ukubwa wake. Nilibonyeza kitufe cha kuendelea. Ikagonga mara tatu. Skrini ikawa nyeusi, na lile jina halikutokea tena, si siku ile wala kesho yake nilipoirudisha kwenye barafu asubuhi na mapema. Jioni ya Ijumaa diski ilikuwa haizunguki tena. Ilinuka samaki na mafuta ya cherehani.

Jibu la kumpa nililitengeneza njiani kwenda Nangurukuru. Nilijiambia kuwa ni mzee, macho hayaoni, na kilichofanyika hakitenguki. Kwamba alikuwa akiiua orodha yake kila Ijumaa kwa mkono wake mwenyewe, akidhani anaitunza, si habari ya kumpelekea mtu kwa ajili ya usahihi. Hizo zilikuwa sababu nilizojipa. Nyingine sikujipa kwa maneno, lakini ilikuwepo: kopo lile, aliyelishika kwanza ni mimi.

Alikuwa amekaa kwenye cherehani bila kushona. Alinisikia, akaniamkua yeye kwanza, jambo ambalo hakulifanya kamwe.

"Imekufa," akasema.

"Imekufa, fundi."

"Kwa nini?"

"Chumvi," nikasema. "Hewa ya bahari."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali hesabu. Mke wake aliuliza kutoka ndani kama chumvi inafika mpaka huku bara, na yeye akamjibu kwa niaba yangu kwamba chumvi hufika mbali. Kisha akanyoosha mkono kwenye rafu, akaligusa kopo la mafuta bila kulitafuta.

"Nilikuwa naitia kila Ijumaa," akasema. "Sikuruka hata moja."

"Najua."

"Kumbe hayakutosha. Ningejua ningeongeza."

Pale ndipo ningesema. Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi, na kila mara nafasi ilikuwa pana, yenye ukimya wa kutosha. Nilifungua mfuko nikauliza zile karatasi za kola ziko wapi.

Zilikuwa zimetundikwa msumarini, zimetobolewa katikati, kama thelathini hivi: kola za kanzu, kola za mashati ya shule, vipande vya mifuko. Upande mmoja kulikuwa na alama za chaki na vipimo. Upande wa pili kulikuwa na mwandiko wake wa zamani, wa wino wa bluu. Tulizitandika sakafuni mimi na mke wake, naye akiwa kitini akituuliza tumeona nini. Niliona jina la baba bila la mtoto. Niliona urefu na mwaka, na mahali palipokuwa na safu pamekatwa kwa mzunguko mzuri wa mkasi. Kipande kimoja cha mfuko kilikuwa na "safu ya tano, la tisa" na hakuna jina. Nilijaribu kuunganisha kingo kwa kingo. Fundi mzuri hapotezi karatasi, hukata kola mbili zikipeana mgongo, kwa hiyo baadhi ya kingo zilikutana. Nilipata makaburi matano yaliyokamilika. Aliniomba niyasome mara mbili. La nne lilikuwa la mtu aliyekuwa amekwisha hamishwa na ndugu zake, miaka iliyopita.

Jumamosi watu walikuwa makaburini kabla ya saa mbili. Walitoka Masoko na Lindi, na wengine walilala njiani. Karani wa barabara alikuwa kijana mpole, alivua kofia alipoingia. Nyuma yake alisimama mtu wa rangi na brashi. Fundi alivaa kanzu nyeupe na futi yake ya kamba shingoni, na nilimshika mkono.

Safu mbili za kwanza na nusu ya tatu zilikwenda vizuri. Hizo zilikuwa kwenye zile kurasa mbili zilizochapishwa. Nilisoma jina, ndugu wakajibu, karani akaandika, mtu wa rangi akachora namba kwenye kigingi. Wanawake walisimama ng'ambo ya barabara, na kila jina liliposomwa mmoja wao aliinama. Kisha kurasa zikaisha. Nikatoa kola.

Wapo waliocheka walipoziona, kicheko kifupi, kisha wakaacha. Nikatoa manne niliyokuwa nayo. Baada ya hapo fundi alisema tumwache apime. Alipiga magoti kwenye kaburi la kwanza la safu iliyofuata, akapapasa tuta lililobaki, akanyoosha futi yake kutoka kichwani hadi miguuni, akahesabu kwa kidole. Akasema huyu alikuwa mrefu, sanda yake iliongezwa, akataja jina. Mtu mmoja mwenye mvi akalia palepale. La pili akalitaja. La tatu alilipima mara tatu. Matuta mengi yalikuwa yamesambaa, mvua ziliyafanya yote kuwa na urefu mmoja. Kwenye safu ya watoto hakukuwa hata na matuta, majani tu.

"Huyu, mzee?" karani akauliza.

"Sijui."

"Na huyu?"

"Sijui."

Karani aliandika kila mara, bila haraka. Nilisikia kalamu yake. Kufikia kaburi la kumi aliacha kuuliza na fundi akaacha kujibu, wakawa wanasogea tu, na mtu wa rangi akachora alama ya msalaba badala ya namba. Jua lilikuwa limepanda. Mmoja wa watu waliotoka Lindi, ambaye mama yake alikuwa mahali fulani katika safu ya sita au ya saba, akasema kwa sauti ya kawaida, isiyo ya ugomvi, "Mzee, si ulituambia unayo?"

Fundi akajiinua. Aliugeukia upande ambako sauti ilitoka, akakosea kidogo, akawa anamtazama mtu mwingine.

"Nilikuwa nayo," akasema. "Kosa ni langu. Chumvi imeila mashine, na mimi sikuitia mafuta ya kutosha."

Mzee mmoja akasema chumvi haina dawa, na wengine wakaitika, maana kila mmoja wao alikuwa na baiskeli au bati la nyumba la kuthibitisha. Yule wa Lindi akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa hatua moja kutoka kwa fundi, zile kola mkononi, na mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umeshika mkono wangu wa kulia. Nilichukua muda kuzipanga karatasi zile, kubwa chini, ndogo juu. Kisha tukaendelea na safu ya saba.

Waliotambuliwa walizikwa upya mmoja mmoja, upande wa pili wa kijiji, kwenye ardhi iliyopimwa kwa kamba. Waliobaki walikuwa wengi kuliko hao. Kwa ajili yao lilichimbwa kaburi refu, na fundi aliombwa akate sanda. Alikataa kusaidiwa, akaifanya kazi hiyo kwa kupapasa. Hakuwa na urefu wa kufuata. Alikata zote sawa.

Kompyuta niliirudisha nikiwa nimeitia diski nyingine, tupu. Hakuiwasha. Mke wake aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, na Ijumaa nilizopita kwake nilikuta kifuniko kimefunguliwa na kopo liko juu ya meza. Hakuwa akiandika chochote, lakini hakuwa tayari kushindwa na chumvi mara ya pili. Nilikaa naye nikamtazama akipapasa tundu moja baada ya jingine. Sikumwambia pia siku hizo.

Alikufa kabla ya lami kukamilika. Sanda yake ilikatwa na mtu mwingine, ambaye hakuandika kipimo, kwa hiyo nilimwomba futi nikaandika mimi. Amelala kwenye makaburi mapya, safu ya pili kutoka barabarani, la sita kuhesabu kutoka kwenye kigingi cha saruji. Nimeliandika kwenye daftari, kwa kalamu. Mchwa wameanza kuligusa pembeni.